"Ameachiwa": neno moja lililomrudisha kijana mahakamani



 Wahariri wa jarida letu wameniomba niandike somo kuhusu kile ninachosomea. Mimi nachukua shahada ya pili ya ustawi wa jamii hapa Uingereza, na mada niliyoichagua ni vijana walio chini ya uangalizi wa sheria. Hawa ni watoto waliopatikana na kosa lakini hawakufungwa. Wanalala nyumbani kwao na wanakwenda shule, ila kuna afisa anayewafuatilia na kuna masharti ya kutimiza.

Najua kuna atakayesema, "Sasa hayo yananihusu nini? Mimi nimekuja kusoma, nikimaliza narudi zangu nyumbani." Subiri kidogo, ndugu yangu. Wewe ni Mswahili unayejua Kiingereza. Ipo siku simu italia usiku, mama fulani wa kanisani au msikitini atakuambia mwanawe ameshikwa na polisi, na wewe utageuka mkalimani, mwanasheria na mjomba wa mtoto kwa wakati mmoja. Mimi simu hiyo nimeshaipokea. Nilikwenda kwa nia njema kabisa, na nilikosea. Ndiyo maana naandika.

KISA CHENYEWE

Mama ninayemzungumzia ni Mkongo wa Uvira. Yeye na watoto wake waliletwa hapa kutoka kambini kwa mpango wa Gateway, ule wa serikali ya Uingereza wa kupokea wakimbizi ulioanza mwaka 2004 na kumalizika 2020. Mwanawe wa kwanza nitamwita Baraka, si jina lake. Wakati huo alikuwa na miaka 14. Siku moja baada ya shule aligombana na kijana mwenzake kituo cha basi, akampiga ngumi, akamnyang'anya simu na kuipigiza chini makusudi mpaka ikavunjika.

Polisi walipomhoji alikana kila kitu. Baadaye aliniambia sababu. Marafiki zake walishamfundisha kwamba ukikubali chochote mbele ya polisi umekwisha. Mama naye alimwambia vivyo hivyo, maana kule alikotoka yeye, askari si mtu wa kumweleza habari zako. Kumbe kamera ya barabarani ilikuwa imeona yote. Kesi ikaenda mahakama ya vijana, na huko, akiwa na wakili pembeni, Baraka akakiri.

Mimi sikuingia ndani. Mahakama ya vijana hapa haiko wazi kwa kila mpita njia, na magazeti hayaruhusiwi kumtaja mtoto kwa jina. Nikakaa kwenye benchi la korido. Ndani mama alikuwa na mkalimani rasmi, lakini kesi ilipoisha yule mkalimani alikuwa anasubiriwa kwenye chumba kingine, akaondoka mbio. Wakili akatoka, akanieleza kwa dakika mbili tu, kwa Kiingereza cha haraka haraka, kwamba Baraka amepewa amri ya miezi 6 ya kupelekwa kwenye jopo na kwamba barua itakuja nyumbani. Naye akaenda zake.

Mama akanishika mkono. "Mutoto yangu, banasema nini? Bamemuachilia?"

Nami, kwa kutaka tu kumtuliza, nikamjibu, "Ndiyo mama, ameachiwa. Twendeni nyumbani."

Basi. Jumapili ile mama alipika, tukala wali na sombe, na kanisani wakatoa shukrani. Barua ya kwanza ilipokuja ilikuwa ya Kiingereza, mama akaitia kwenye droo pamoja na barua za gesi. Simu zilizopigwa kutoka namba iliyofichwa hakuzipokea, akidhani ni watu wa kudai pesa. Barua ya pili ikaifuata ya kwanza kwenye droo. Kusoma Baraka alijua, lakini mtoto wa miaka 14 akiambiwa na watu wazima kwamba mambo yamekwisha, utamlaumu kwa kutofungua barua? Siku ya jopo ikapita. Wakapangiwa siku nyingine, nayo ikapita. Barua iliyofuata ilitoka mahakamani.

Mama akanipigia simu analia. "Weye ulisema bamemuachilia."

Sikuwa na jibu.

UANGALIZI NI KITU GANI HASA?

Tuanze na historia kidogo, maana inasaidia kuelewa. Mwaka 1841 mjini Boston, Marekani, fundi viatu mmoja aitwaye John Augustus alikuwa amekaa mahakamani akamwona mlevi anataka kupelekwa ndani. Akamwomba hakimu amkabidhi yeye yule mtu, amdhamini, kisha amrudishe baada ya wiki tatu. Aliporudi naye, mlevi alikuwa mtu mwingine, na hakimu akamtoza faini ndogo tu. Augustus akaendelea na kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1859, akiwa amewadhamini watu wanaokaribia 2,000, wakiwemo watoto. Hakuwa askari wala mwanasheria. Uingereza ilitunga sheria yake ya probesheni mwaka 1907, na kutoka hapo mtindo huo ukasafirishwa mpaka makoloni yake, yetu yakiwemo.

Angalieni alichofanya yule fundi viatu. Alimsaidia mtu, na pia alipewa tarehe ya kumrudisha. Hizo ndizo pande mbili za uangalizi mpaka leo, kusaidiwa na kuchungwa. Mkalimani akitafsiri upande mmoja tu amepotosha.

Nilipomwambia mama "ameachiwa", niliuacha upande wa kuchungwa. Lakini lipo kosa jingine ambalo wengi wetu tungelifanya, hasa sisi wa Bongo, nalo ni kusema "amepewa kifungo cha nje". Neno hilo kwetu ni la kawaida, ila fikiria linavyosikika kwa mama aliyekimbia vita. Atasikia "kifungo" tu, mengine hatayasikia. Nimesikia habari za wazazi waliompeleka mtoto mji mwingine kwa shangazi yake ili asifungwe, wasijue kwamba kumhamisha bila kumwambia afisa ndiko kunakoweza kuwa kuvunja masharti.

Siku hizi nikiulizwa nasema hivi: "Amebaki nyumbani kwa masharti. Asipoyatimiza atarudishwa mahakamani." Ni sentensi mbili, hakuna la kutisha na hakuna la kudanganya. Baada ya hapo ndipo unaeleza masharti yenyewe, moja moja, na tarehe zake.

NGAZI ZA MFUMO WA ENGLAND NA WALES

Hapa mtoto anaweza kushtakiwa kuanzia miaka 10. Ndiyo, kumi. Mpaka miaka 17 kesi zake kwa kawaida zinakwenda mahakama ya vijana. Sheria ya mwaka 1998 ndiyo iliyoujenga mfumo wa sasa. Ilisema lengo kuu ni kuzuia watoto wasitende makosa, na ikaagiza kila eneo liwe na timu maalumu ambayo watu hapa huiita kwa kifupi YOT, ingawa sehemu nyingi sasa zimebadilisha jina. Ndani ya timu hiyo wamo polisi, watu wa probesheni, ustawi wa jamii, elimu na afya. Maana yake ni kwamba afisa anayempigia mama simu si lazima awe polisi. Anaweza kuwa mtu wa ustawi wa jamii kama nitakavyokuwa mimi nikifaulu mitihani.

Ngazi zenyewe, kwa ufupi, ni hizi.

Ya kwanza ni kumalizana bila kufika mahakamani. Kijana akikiri kosa, na kosa si kubwa, polisi wanaweza kumpa onyo rasmi na kumpeleka kwa timu ya vijana asaidiwe.

Ya pili ni ile aliyopewa Baraka. Kwa kawaida hupewa kijana anayefika mahakamani kwa mara ya kwanza na kukiri, ikiwa kosa si la kumpeleka kifungoni. Amri huwa ya miezi 3 hadi 12. Kijana hukaa mbele ya jopo la watu wasiopungua watatu, na angalau wawili ni raia wa kujitolea kutoka mtaani na mmoja ni wa timu ya vijana. Hakimu hayupo. Wanazungumza kuhusu kilichotokea, aliyekosewa anaweza kuja kama anapenda, kisha wanaandika mkataba. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Miezi haianzi kuhesabiwa siku ya hukumu, inaanza siku mkataba unapotiwa saini. Kila wiki Baraka aliyokaa nyumbani akidhani yamekwisha ilikuwa wiki ya bure, haikupunguza hata siku moja.

Ya tatu ni amri nzito zaidi ya marekebisho ya vijana, iliyoanza kutumika Novemba 2009. Inaweza kufika miaka 3. Mahakama inachagua masharti kama mtu anayepakua chakula. Inaweza kuagiza kuonana na afisa, kutotoka nje saa fulani, kuvaa kifaa cha umeme mguuni, kutokwenda mahali fulani au kupata matibabu. Kijana akikosa kutimiza bila sababu ya maana anapewa onyo. Akikosa mara ya tatu ndani ya miezi 12, kwa kawaida lazima arudishwe mahakamani.

Ya nne ni kifungo. Hata hapo uangalizi haukwepeki, maana kijana aliyefungwa kwa kawaida humalizia sehemu ya muda wake nje, chini ya afisa. Lakini siku hizi wanaofungwa ni wachache. Mwaka 2008 watoto waliokuwa ndani England na Wales walikaribia 3,000, na miaka hii ya karibuni wastani umekuwa chini ya 500. Kwa hiyo mtoto wa jirani yako akipata matatizo, uwezekano mkubwa ni kwamba atabaki nyumbani kwa masharti. Ndiyo sababu nasema tulielewe jambo hili vizuri.

Kuna faida ya kumaliza salama. Amri ya jopo ikiisha, hukumu ile kwa sheria huhesabiwa kuwa imepitwa na wakati, na kwa kazi nyingi kijana halazimiki kuitaja. Lakini zipo kazi, kama za kulea watoto na wagonjwa, ambako uchunguzi ni wa kina zaidi. Vilevile, katika maombi mengi ya uraia wa Uingereza, mtoto wa miaka 10 na zaidi huangaliwa kama ana tabia njema. Kwa familia zetu zinazosubiri karatasi, hilo si jambo dogo. Mzazi anayeficha kesi kwa aibu na kuacha amri ivunjwe anaweza kuwa anaharibu hata pasipoti ya mwanawe.

WENZETU WA SCOTLAND

Mlioko Glasgow na Aberdeen msinikasirikie, najua kwenu ni tofauti. Mwaka 1964 kamati iliyoongozwa na jaji Kilbrandon ilisema kwamba mtoto aliyekosa na mtoto aliyetelekezwa mara nyingi wana shida ileile, yaani malezi yaliyokosa kitu. Kuanzia mwaka 1971 kesi nyingi za watoto huko zinasikilizwa na baraza la raia watatu wa kawaida waliopewa mafunzo, kwenye meza moja na mtoto na wazazi wake. Wanaweza kuamua mtoto awe chini ya uangalizi wa lazima. Umri wa kubeba jinai ulipandishwa kuwa miaka 12 kwa sheria ya mwaka 2019 iliyoanza kutumika Desemba 2021.

Mzee yeyote wa kwetu akiliona baraza lile atasema, "Ah, hiki si kikao cha wazee?" Kwa kiasi fulani ni kweli. Tofauti ni kwamba maamuzi yake yana nguvu ya sheria na hayaishii kwenye kahawa na tende.

NA NYUMBANI JE?

Tusijifanye kwamba mambo haya ni ya wazungu tu. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Iliunda mahakama ya watoto, ikataka afisa ustawi wa jamii awepo kesi inaposikilizwa, na ikasema wazi kwamba mtoto hatahukumiwa kifungo. Hata lugha imebadilika. Maafisa wetu hawasemi "mtoto mhalifu", wanasema "mtoto aliyekinzana na sheria". Mimi neno hilo nalipenda, maana kukinzana kunaweza kwisha, lakini jina la mhalifu linaganda.

Kenya kuna Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Mtoto chini ya miaka 12 hawezi kuwa na hatia ya jinai, na aliye chini ya 14 huchukuliwa kuwa hajui kutofautisha jema na baya mpaka ithibitishwe vingine. Na mnaojua Shikusa na Shimo la Tewa, zile taasisi za vijana ziitwazo Borstal, je mlijua kwamba Borstal ni jina la kijiji cha Kent hapa England? Gereza la kwanza la vijana la aina hiyo lilianza huko mwaka 1902. Waingereza wenyewe walilifuta jina hilo kwa sheria ya mwaka 1982. Sisi tukabaki nalo.

Kongo, alikotoka mama Baraka, sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inasema aliye chini ya miaka 14 hawezi kubeba jinai. Sasa Baraka ana mdogo wake wa miaka 11. Kwao, mtoto yule hashtakiki. Hapa anashtakika. Nilipomweleza mama hivyo alinyamaza muda mrefu, halafu akamwita mtoto jikoni akazungumza naye mlango umefungwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia jambo hilo tangu washuke kwenye ndege.

SHIDA YA KUAMINI

Mwaka 2017 mbunge David Lammy alitoa ripoti aliyoombwa na serikali kuhusu jinsi watu weusi na wengine wasio wazungu wanavyotendewa na vyombo vya sheria. Alionyesha kwamba kati ya mwaka 2006 na 2016 sehemu ya vijana hao miongoni mwa watoto waliofungwa ilipanda kutoka asilimia 25 hadi 41. Na alitaja sababu ambayo mimi niliiona kwa macho yangu, nayo ni kutoaminiana. Vijana hawaamini wakili wanayepewa bure, wanadhani ni mtu wa serikali. Hawaamini kwamba kukiri mapema kutawasaidia. Wanakana, na mlango wa kumalizana nje ya mahakama unafungwa.

Nieleweke vizuri. Sisemi mtu akiri jambo ambalo hakulifanya. Wala sisemi kwamba kutoamini hakuna sababu. Takwimu hizo hazikujileta zenyewe, na kijana mweusi anayesimamishwa na polisi kila wiki hahitaji mimi nimfundishe ustaarabu. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa kukiri au kukana ufanywe baada ya kuongea na wakili. Usifanywe kwa ushauri wa marafiki wa kituo cha basi, na usifanywe kwa hofu ya askari wa nchi nyingine. Baraka angesema ukweli siku ya kwanza akiwa na wakili pembeni, pengine jambo lake lingeishia kwenye onyo na tusingeiona korido ile.

UKIPIGIWA SIMU WEWE

Sasa tufike kwenye somo la vitendo. Kama mko kwenye daftari, andikeni haya.

1. Mtoto akikamatwa, mwambieni aombe wakili. Kituoni ni bure, haijalishi mzazi ana kipato gani.

2. Aliye chini ya miaka 18 lazima awe na mtu mzima wa kumsimamia wakati wa mahojiano. Kwa kawaida ni mzazi, lakini anaweza kuwa mtu mwingine. Ukiwa wewe, usikae kama sanamu. Hakikisha mtoto anaelewa maswali, na sema kama haelewi. Lakini usimwulize faraghani, "Ulifanya au hukufanya?" Mazungumzo yako naye hayana siri ya kisheria kama yale ya wakili, na unaweza kutakiwa kuyasema.

3. Usiwe mkalimani wa kesi. Mwombee mama mkalimani rasmi, na taja Kiswahili anachozungumza. Kiswahili cha Uvira si cha Tanga. Mimi ni wa Tanga, na yapo maneno aliyoyasema mama ambayo niliyakisia tu.

4. Kabla wakili hajaondoka, muulize maswali manne na uandike majibu. Amri inaitwaje? Ni ya muda gani? Hatua ya kwanza ni lini na wapi? Akikosa kwenda itakuwaje?

5. Msaidie mama kufungua barua. Usimsomee kwa juujuu. Chukueni kalenda ya ukutani mkaandike tarehe pamoja. Na namba ya simu ya afisa iingizwe kwenye simu ya mama kwa jina ambalo atalitambua.

6. Kijana akishindwa kwenda kwa sababu ya maana, kama ugonjwa au mtihani, afisa apigiwe KABLA, si baada. Hapa hawana utaratibu wa "nitamweleza nikimwona".

7. Usilitangaze jambo la mtoto wa watu kwenye kijiwe. Kama mahakama imelificha jina lake, wewe ni nani wa kulitoa?

YALIYOMPATA BARAKA

Turudi kwenye kisa. Kabla ya siku ya mahakama nilimfuata wakili nikamweleza yote. Nilimwambia kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyesema ameachiwa. Akaniomba niandike barua. Sijui kama ilisomwa au la. Mahakama iliiacha amri iendelee, ila ikaiongeza miezi 2, ikawa 8. Ingeweza kuifuta na kumhukumu Baraka upya kwa adhabu nyingine. Miezi ile miwili nimeibeba mimi moyoni, ingawa aliyeitumikia ni yeye.

Siku ya jopo kijana anaruhusiwa kuja na mtu mzima mmoja wa kumsindikiza, jopo likikubali. Baraka akaniomba mimi. Safari hii mama alikuwa na mkalimani aliyekaa mpaka mwisho. Mwanajopo mmoja alikuwa mama mzee mstaafu, mwingine dereva wa basi. Walisoma maneno ya yule kijana aliyepigwa. Alisema kwa wiki kadhaa alikuwa anatembea kwa miguu kwenda shule ili asisimame kituo kile. Baraka akaangalia chini, halafu akasema polepole, "Sikujua."

Mkataba ulikuwa hivi: aonane na afisa kila wiki, aandike barua ya kuomba radhi, afanye saa 15 za kazi kwenye bustani ya mboga ya mtaa, na asikose shule. Mama alipotafsiriwa kuhusu bustani akacheka kwa mara ya kwanza. "Hiyo kazi ataiweza? Hata jembe hajashika." Jumamosi mbili alikwenda naye mwenyewe kumwonyesha.

Haikuwa njia nyoofu. Mara moja Baraka alichelewa saa nzima, mara nyingine aligombana na afisa wake. Lakini kalenda ilikuwa ukutani, ile ya duka la nyama, ina duara nyekundu kila Jumatano. Miezi ikaisha. Siku barua ya mwisho ilipofika mama alinipigia nikamsomee. Nilimwambia amwite Baraka aisome yeye, kwa sauti, kisha aieleze kwa Kiswahili cha kwao. Mimi nilikaa kimya kwenye simu nikisikiliza.

Ndugu zangu, kwenye majopo haya sura kama zetu hazitoshi. Huhitaji digrii ya sheria kuwa mwanajopo wa kujitolea. Unatakiwa uwe na miaka 18 au zaidi, ukaguliwe na kupewa mafunzo. Angalia kwanza masharti ya viza yako kuhusu kazi za kujitolea, kisha piga simu kwa timu ya vijana ya halmashauri unapoishi. Mimi nimeshamaliza mafunzo na nimekaa kwenye majopo manne. Kila mara kabla ya kuanza namgeukia mzazi nimuulize swali moja, mkalimani akiwepo: "Mama, umeelewaje ulichoambiwa mahakamani?" Na wengi, wakiwemo Waingereza wa kuzaliwa, wanajibu kwamba waliambiwa yamekwisha.

Nawatakia mitihani mema. Tuonane kwenye kikao cha chama mwezi ujao, na mwenye swali asiogope kuniuliza.

Ni mimi mwanafunzi mwenzenu wa ustawi wa jamii.